Msimlaumu Mwendeshaji Mzito Kabla Hamjapima Springi

Leo nilikuwa nimepanga kuendelea na ule mfululizo wangu wa hifadhidata, lakini sitaweza. Kuna jambo limenikera tangu Jumapili na nisipolitoa kifuani sitaandika msitari hata mmoja wa programu. Mliokuja kwa ajili ya hifadhidata niwieni radhi, tutaonana wiki ijayo. Leo nazungumzia pikipiki za theluji. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kile chombo chenye skii mbili mbele na mkanda wa mpira nyuma, ambacho Mkenya wa kawaida hukiona tu kwenye sinema.

Wengi wenu mnajua kwamba nilisoma Minnesota kuanzia 2004 hadi 2008. Huko, msimu wa baridi si msimu wa kukaa ndani, ni msimu wa mashindano. Jimbo hilo ndilo nyumbani kwa Polaris, kule Roseau, na Arctic Cat ilianzia Thief River Falls, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kwa watu wa sehemu zile, mashine hizi ni kama mbio za nyika kwa watu wa Iten. Mtoto huzikuta nyumbani, na baba yake alizikuta pia.

Sasa, Jumapili nilipigiwa simu na rafiki niliyesoma naye. Yeye ni mtoto wa mkulima wa viazisukari, mtu wa kimo na kifua, na enzi zetu alikuwa akishindana. Ananiambia mwanawe, kijana wa miaka 17, ameingia kwenye timu moja ndogo, na kwamba juzi ameambiwa apunguze kilo 12 kabla msimu haujaanza, la sivyo atafute mchezo mwingine. Kijana ameacha kula chakula cha jioni. Mama yake anaogopa. Baba mtu ananiuliza mimi, mtunzi wa programu aliyeko Nairobi kwenye jua: eti unakumbuka yaliyonipata 2007?

Nakumbuka, tena vizuri sana, na ndiyo maana nimekasirika.

Mwaka 2007 rafiki yangu alikuwa na kilo 100 kamili. Aliambiwa maneno hayo hayo. Akajinyima chakula, siku moja kabla ya mbio akawa hanywi maji, na siku ya mbio alianza vizuri kweli. Lakini mbio zile za kuruka vilima vya theluji hazina duru moja. Kuna za mchujo, halafu fainali, na kila moja ni dakika kadhaa za kushikilia usukani huku mwili mzima ukitikiswa kama gunia la mahindi kwenye lori. Ilipofika fainali mikono ilimlegea. Akakosea kutua, mashine ikamtupa, akavunjika mfupa wa bega. Timu ikasema: unaona, mzito. Hakuna aliyesema: unaona, ana njaa.

Mimi wakati ule nilikuwa naandika kiprogramu cha kusoma takwimu kutoka kwenye mashine yao: mizunguko ya injini, kasi, muda wa kila raundi. Nilikuwa mgeni kabisa, nilichojua kuhusu theluji ni kwamba inateleza. Na kwa kuwa nilikuwa mgeni niliuliza swali la kijinga: hizi springi ziliwekwa kwa mtu wa kilo ngapi? Watu wakatazamana. Kumbe mashine ilinunuliwa kutoka kwa kijana wa kilo 68, na tangu siku ile hakuna aliyegusa springi hata moja! Walikuwa wamempa mtu viatu vya mwingine, kisha wakamwambia akate vidole.

Hebu tuliweke jambo hili mezani kwa hesabu, maana wanaopenda kusema "fizikia ni fizikia" mara nyingi hawajaigusa hiyo fizikia.

Chukua mashine yenye kilo 230 pamoja na mafuta. Mwekee mwendeshaji wa kilo 70, pamoja na kilo 10 za kofia ngumu, buti na mavazi ya kinga. Jumla 310. Sasa mtoe, umweke wa kilo 100 na mavazi yale yale. Jumla 340. Tofauti ni karibu asilimia 10. Mpaka hapo wapinzani wangu wanashangilia: asilimia 10 nzito zaidi, basi asilimia 10 polepole zaidi. Hapana bwana. Injini ikiwa inatoa nguvu ile ile tangu mwanzo wa mbio za mstari ulionyooka hadi mwisho, muda wa kumaliza haupandi kwa kadiri ya uzito bali kwa kadiri ya kipeuo cha tatu cha uzito. Asilimia 10 inakuwa asilimia 3. Kwa mbio za sekunde 6 hiyo ni kama sehemu 18 za mia za sekunde. Si kidogo! Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa, hiyo ni mita 6, yaani urefu wa mashine mbili. Sikatai. Lakini ni 3, si 10.

Halafu kuna pale mwanzoni kabisa, taa inapowaka. Pale injini ina nguvu kuliko theluji inavyoweza kupokea. Mkanda unateleza. Kinachokusukuma si tena nguvu ya injini, ni mshiko wa mkanda kwenye theluji, na mshiko huo unategemea uzito unaoukandamiza mkanda. Mzito ana mzigo mkubwa wa kusukuma, lakini pia ana mshiko mkubwa wa kuusukumia. Ukiandika milinganyo yenyewe utaona uzito unajikata juu na chini. Kwenye mita zile za kwanza, mzito na mwepesi wanaondoka karibu sawa, na anayejua kurudisha makalio nyuma wakati wa kuondoka anamshinda asiyejua.

Kwenye kona ndiko kunanifurahisha zaidi. Mwendeshaji wa mashine hizi haketi kama abiria wa matatu. Anajitupa upande wa ndani wa kona ili mashine isipinduke. Kilo 110 zikihama sentimita 30 kwenda ndani, kitovu cha uzito cha mashine na mtu kwa pamoja kinahama karibu sentimita 10. Kilo 80 zikihama umbali ule ule, kinahama chini ya 8. Mwili mkubwa ni chombo, ukijua kuutumia. Ila uutumie juu ya mashine iliyowekwa kwa ajili yako, na hapo ndipo wanapochemsha.

Kwa sababu tazama kinachotokea mzito anapopanda mashine ya mwepesi. Springi za nyuma zinalala. Nyuma ikilala, mbele inainuka. Skii zinapoteza uzito, hazishiki tena, na kona ikifika mwendeshaji anageuza usukani lakini mashine inaendelea mbele kama ng'ombe aliyeona mto. Naye afanye nini? Anapunguza mafuta. Anapoteza muda kwenye kila kona ya kila raundi, na aliyekaa kando na saa mkononi anasema ni uzito. Kumbe ni springi. Kwenye kuruka ndiyo mbaya zaidi: springi iliyokwisha kulala haina nafasi iliyobaki ya kupokea kishindo, kwa hiyo kishindo kinapokewa na magoti na mgongo wa mtu.

Dawa yake haihitaji shahada. Pima urefu wa nyuma mashine ikiwa tupu, imeinuliwa kidogo. Mpandishe mwendeshaji akiwa amevaa kila kitu, pima tena. Wengi hulenga ishuke robo hadi theluthi ya mwendo wote wa springi. Ikizidi, kaza. Ikiwa umekaza mpaka mwisho na bado inazidi, springi hiyo si yake, nunua nyingine. Kisha ndipo uende kwenye ule ukanda unaozuia sehemu ya mbele ya mkanda isishuke sana: ukiufupisha, uzito unaenda kwenye skii na kona zinakubali, ukiurefusha, uzito unarudi nyuma na kuondoka kunakuwa na nguvu. Mwisho kabisa ndio uguse shokapu. Kila siku nawaona watu wakianza na shokapu kwa sababu zina vifundo vya rangi nzuri vya kuzungusha. (Na nawaona wenzangu wakianza kupanga rangi za tovuti kabla ya kujua data itatoka wapi. Ugonjwa ni mmoja.)

Tulifanya hivyo kwa rafiki yangu baada ya bega lake kupona. Gharama ilikuwa springi mbili na jioni moja kwenye banda lenye baridi ambayo siwezi kuwaeleza watu wa Mombasa wakanielewa. Hakupunguza hata kilo moja, badala yake alikuwa ameongeza mbili hospitalini. Raundi zake zilipungua kwa zaidi ya sekunde moja kila raundi. Hakushinda, nisiwadanganye. Alimaliza wa nne. Lakini alimaliza akiwa mzima, na fainali aliiendesha kama alivyoendesha mchujo.

Tukiacha springi, kuna klachi. Mashine hizi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina puli mbili na belti, na ndani ya puli ya injini kuna vijiuzani vinavyotupwa nje na mzunguko, vikisukumana na springi. Mvutano huo ndio unaoamua injini izunguke mara ngapi kwa dakika ukiwa umefungua mafuta yote. Injini za mipigo miwili zina eneo dogo sana la nguvu. Ukikosea vijiuzani, injini inaimba nje ya eneo lake na farasi kadhaa wanabaki zizini. Sasa linganisha. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kutoka Duluth, kando ya Ziwa Superior lililo mita 183 tu juu ya usawa wa bahari, hadi Jackson kule Wyoming, ni kupanda mita 1,700 hivi. Ni kama Mombasa hadi Nairobi! Umepoteza kama asilimia 17 ya nguvu kabla mtu yeyote hajapanda kwenye mizani, na usipobadilisha vijiuzani unapoteza na zaidi. Kila fundi anajua hili na hakuna fundi anayeuambia mlima upungue. Anafungua klachi, anabadilisha. Kwa nini mwili wa mtu tu ndio unaotakiwa ubadilike badala ya mashine?

Na mafuta je? Tangi la lita 40 lina karibu kilo 30 za petroli. Kilo 30! Ndiyo tofauti ile ile kati ya yule mwepesi wangu na yule mzito. Kule Sault Ste. Marie, Michigan, tangu 1969 kuna mbio za maili 500 kwenye barafu, raundi ya maili moja mara 500, na mashine huingia kujaza mafuta tena na tena. Yaani mashine inanenepa na kukonda kwa kilo hizo mara nyingi ndani ya siku moja, na mafundi wanalipanga jambo hilo kwa utulivu kabisa. Hakuna anayekata tamaa na tangi.

Najua mtakachonijibu. Mtanitajia Tucker Hibbert, aliyechukua dhahabu ya X Games mwaka 2000 akiwa na miaka 15, akiwaacha wanaume wazima nyuma. Unaona, mtasema, mtoto mwepesi. Sawa. Lakini Hibbert huyo huyo alichukua dhahabu tena mwaka 2007, na kila mwaka baada ya hapo hadi 2015, mara tisa mfululizo, akiwa si mtoto tena. Mwili wa miaka 15 na mwili wa miaka 30 si mwili mmoja. Kilichobaki kilekile ni mtu anayeijua mashine yake. Na kabla yake kulikuwa na Gilles Villeneuve wa Kanada, yule wa Formula 1, ambaye alitwaa ubingwa wa dunia wa mashine hizi Eagle River, Wisconsin, mwaka 1974. Huyo alikuwa mdogo wa umbo kweli, lakini alikuwa pia mtu wa kujifungia na mashine na spana. Mnapotaja mabingwa mnataja umbo lao na kusahau spana zao.

Kuna aina nyingine ya watu ambao pia sikubaliani nao, nao ni wale wanaosema uzito si kitu kabisa, kila kitu ni kipaji na moyo. Hao wanamdanganya kijana kwa upande wa pili. Kwenye mbio za kupanda mlima kama zile za Snow King pale Jackson, injini inapigana na mvutano wa dunia moja kwa moja, na asilimia 10 ya uzito ni karibu asilimia 10 ya mwendo. Hakuna springi itakayoirudisha. Kwenye barafu iliyonyooka ni ile 3 tuliyoihesabu. Mtu mzima anayetaka kupungua kwa ajili ya mchezo, akiwa na muda, na daktari, na sahani yenye chakula, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kilo 12 kwa kijana wa miaka 17 ambaye bado anakua, kwa amri ya mtu ambaye hajawahi kuchukua futi ya kupimia.

Na kama kweli mnaamini uzito unaamua matokeo, basi liwekeni kwenye kanuni badala ya kuliweka kwenye tumbo la mtoto. Wenzenu wamefanya. Formula 1, tangu 2019, dereva na kiti chake huhesabiwa peke yao, na wasipofika uzito wa chini uliowekwa (kilo 80 kanuni ilipoanza) wanaongezewa vyuma, kwa hiyo dereva mrefu hana tena sababu ya kujiua njaa. Moto3 hupima pikipiki na mtu kwa pamoja. World Superbike nao wakaingia humo mwaka 2024, na mwendeshaji mwepesi akalazimika kubeba mzigo. Mbio za farasi zimetumia vipande vya risasi tangu zamani za kale, ingawa huko nako walipima mwisho wa chini kiasi kwamba majoki bado wanajikausha kwa jasho. Kanuni mbaya pia huumiza. Popote mashindano yanapopima mashine peke yake na kumwacha mtu, yanawaambia watu waziwazi kwamba kilo rahisi kuliko zote kuondoa ni zile za mwili wao. Kupunguza kilo moja kwenye mashine kwa vyuma vya titani kunagharimu fedha nyingi. Kumnyima mtoto chakula hakugharimu timu hata senti.

Hapo ndipo mimi kama mtunzi wa programu ninapoona jambo ninalolijua. Mashine inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa mtu fulani wa wastani. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063 ili kujua chumba cha rubani kiwe na ukubwa gani. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo kumi na kutafuta ni wangapi walio karibu na wastani kwenye vyote kumi. Jibu lilikuwa sifuri. Hakuna hata mmoja. Walikuwa wakijenga ndege kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Suluhisho halikuwa kuwafukuza marubani, ilikuwa kuweka viti na mikanda inayorekebishika. Mashine ya theluji tayari inarekebishika! Vifundo viko pale, nati ziko pale, springi za kubadilisha zinauzwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Badala yake timu zinanakili mipangilio ya bingwa kutoka kwenye karatasi, springi hii, vijiuzani hivi, bila kujua bingwa ana kilo ngapi wala alikuwa kwenye mwinuko gani. Ni kama yule kijana niliyemwajiri mwaka juzi, aliyenakili programu nzima ya mtu mwingine ikiwa na nywila ya yule mtu ndani yake, kisha akashangaa kwa nini haiunganishi.

Jumapili usiku nilimwandikia rafiki yangu barua ndefu. Nilimwambia kijana ale. Nilimwambia Jumamosi waingie bandani wote wawili, wachukue futi, kijana avae kila kitu mpaka glavu, na wanitumie vipimo vitatu. Nimefufua pia kile kiprogramu cha zamani. Kilikuwa kwa lugha ambayo leo naona haya kuitaja, kwa hivyo nimekiandika upya kwa Python, kama misitari 200. Swali la kwanza kinalouliza ni uzito wa mwendeshaji akiwa amevaa. Hakuna jibu nililojaza tayari. Ukiacha nafasi hiyo tupu, programu inakataa kuendelea.